Mikanda ya kijani iliniumbua: ukitaka kuandaa ziara ya nyumba ya kale

Dada mmoja wa Ohio ameniandikia juzi. Amekubaliwa kutumia nyumba ya kale mtaani kwao, anataka kuandaa ziara kuhusu enzi za wanawake kudai kura, aanzie wapi? Dada yangu, anza kwa kukubali kwamba utaaibika. Mimi niliaibika hasa.

Hapa Rochester, New York, ninapoishi, Susan B. Anthony, mpigania kura za wanawake, alikamatiwa nyumbani kwake Novemba 1872 kwa kosa la kupiga kura. Alitozwa faini ya dola 100, hakuilipa mpaka anaingia kaburini 1906. Mimi nami, kwa kuwa nakaa mji wake, nikajiona mwenyeji wa habari hiyo. Nikashonesha mikanda ya begani kumi na miwili, zambarau, nyeupe na kijani, nikawavisha kina mama wa kwaya yetu. Mgeni wa kwanza, bibi mwenye mkongojo, akaitazama weee, kisha akauliza kwa upole, "Mwanangu, kwani hapa ni Uingereza?" Kumbe rangi zile ni za chama cha Emmeline Pankhurst, kiongozi wa wanawake waliodai kura kule Uingereza! Chama cha mwenzake Alice Paul huku Marekani kilivaa zambarau, nyeupe na dhahabu. Nilitamani ardhi ipasuke.

Na mikanda ilikuwa afadhali. Nilirundika kila kitu: mkutano wa haki za wanawake wa Seneca Falls wa 1848 mlangoni, maandamano ya kudai kura ya 1913 sebuleni, kila chumba na mhadhara wake. Watu walisongamana kwenye ngazi, nusu yao wakaishia kwenye meza ya juisi.

Mwaka uliofuata nilichagua siku moja tu, 18 Agosti 1920, Tennessee ilipokuwa jimbo la 36, la mwisho lililohitajika, kuridhia marekebisho ya katiba ya kuwapa wanawake kura. Mbunge Harry Burn, kijana wa miaka 24, alikuwa na waridi jekundu la wapinzani kifuani na barua ya mama yake mfukoni, iliyomsihi akubali. Akafuata barua. Jikoni nikamweka mama mmoja anapiga pasi kimya. Anapokea simu, anasikiliza, anaweka pasi chini. Basi. Hakuna aliyekumbuka juisi.

Ghorofani nilifunga mlango mmoja nikaubandika "1965", kwa sababu wanawake weusi wengi wa kusini walisubiri kupiga kura mpaka sheria ya haki ya kura ya mwaka huo. Kamati ilisema hiyo si enzi yetu. Niliubandika hivyo hivyo, na wageni walisimama pale kuliko popote. Barua ya shukrani ilipotoka, majina tisa, langu halimo. Haidhuru. (Inadhuru kidogo.)

Kwa hiyo, dada, chagua siku moja. Narudia: siku moja. Tunaopenda historia tuna kiburi cha kutaka kuonyesha tulivyosoma, na kiburi hicho kinachosha wageni. Hakikisha rangi kabla ya kwenda kwa fundi. Weka mtu anayefanya kazi za mikono, si anayehutubia. Kamati ikikukatalia mlango, uliza mlango ni wa nani, maana mara nyingi mwenye nyumba hana neno.

Halafu ghorofani usipandishe zaidi ya watu wanane. Ngazi za mbao za zamani zinalia, na wageni wakishazisikia hawakusikilizi tena wewe.