Kwa walimu wapya wa baiolojia Tabora: swali la dini litakuja tu

Mnaoripoti Tabora kufundisha baiolojia, jiandaeni. Mkifika mada ya mageuko ya viumbe, kidato cha nne, mkono utanyooshwa: "Mwalimu, kwa hiyo Mungu hakutuumba?" Muulizaji huenda anasoma madrasa kule Ng'ambo, au anaimba kwaya ya Moraviani. Usimkejeli, na usiiruke mada, maana mtihani wa taifa hautairuka. Mjibu kwa Kiswahili, hata kama somo ni la Kiingereza.

Mimi humtanguliza Mendel. Sheria za urithi tunazofundisha zilitoka kwa mtawa wa Kikatoliki aliyepanda njegere kwenye bustani ya monasteri yake huko Brno, akachapisha matokeo mwaka 1866. Darasa likishalijua hilo, mageuko hayawashtui sana.

Kisha atatokea mjuzi mmoja na Galileo, mwanaastronomia aliyetetea kwamba dunia hulizunguka jua. Hapo msikwepe. Kanisa lilimhukumu kweli kwa hilo mwaka 1633, akazuiliwa nyumbani hadi alipofariki mwaka 1642, na sioni cha kulitetea. Lakini simulizi isiishie hapo. Copernicus, aliyeandika hayo kabla yake, alikuwa kanoni (mjumbe wa baraza) wa kanisa kuu, na kitabu chake cha 1543 alikitabaruku kwa Papa Paulo wa Tatu. Kilikuja kuzuiwa mwaka 1616, miaka zaidi ya 70 baadaye. Tena baadhi ya wanaastronomia wenyewe walimpinga Galileo kwa hoja nzito: kama dunia inalizunguka jua, mbona nyota hazionekani kuhama mahali pake? Uhamaji huo ni mdogo mno; mwanaastronomia Bessel alifanikiwa kuupima mwaka 1838. Ile hadithi ya vita visivyokoma kati ya sayansi na dini ilivumishwa zaidi na vitabu viwili vilivyotoka Marekani, cha Draper (1874) na cha White (1896).

Kwa wanafunzi Waislamu, mtajeni Ibn al-Shatir, mtunza nyakati za sala katika msikiti mkuu wa Damascus karne ya 14. Mpango wake wa mwendo wa mwezi unalingana na ule wa Copernicus.

Mfano wa nyumbani upo pia: Nyerere alifundisha baiolojia hapa hapa Tabora, St. Mary's, miaka ya 1940, na Ukatoliki wake hakuna asiyeujua.

Mzazi akija kulalamika, usimpokee peke yako. Mwite mwalimu wa taaluma, mfungulieni daftari la mtoto asome mwenyewe. Mara nyingi kilichofika nyumbani sicho kilichoandikwa ubaoni.