Nasafiri siku 9: kindi wangu abaki na nani?

SWALI: Daktari, habari za kazi. Nina kindi dume wa miaka 2 niliyemlea tangu hajafumbua macho. Ana gramu 480. Anakaa kwenye kizimba kikubwa sebuleni, na jioni humtoa akimbie chumbani kwangu. Mwezi ujao nitasafiri kwa siku 9. Mdogo wangu yuko tayari kumwangalia, ila anamwogopa kwa sababu alishawahi kung'atwa kidole. Nimewaza mambo matatu: nimjazie karanga, mbegu na maji ya kutosha, mdogo wangu awe anapita kila baada ya siku mbili, au nimpeleke mahali wanapolaza mbwa na paka wa wasafiri, au nisafiri naye. Lipi lina nafuu?

JIBU: Ningechukua nusu ya lile la kwanza. Kindi abaki nyumbani kwenye kizimba chake, na mdogo wako ndiye amwangalie. Lakini apite kila siku, asubuhi na jioni akiweza, na chakula ampe cha siku moja moja. Asimtoe kizimbani akimbie hata mara moja.

Siku mbili ni nyingi, na sababu si njaa. Tatizo la kindi ni kwamba huwezi kujua kama amekula. Mbwa akimaliza bakuli, amekula. Kindi akimaliza bakuli, huenda amevibeba vyote akavifukia kwenye matandiko, kwenye pembe za kiota au nyuma ya gogo. Ndiyo silika yake, hata kama hajawahi kuuona msitu. Mtu anayepita mara moja moja atakuta bakuli tupu, atalijaza na kuondoka ameridhika, kumbe mnyama hajatia kitu kinywani tangu juzi. Tena kindi ni mnyama anayewindwa, kwa hiyo huficha udhaifu mpaka nguvu zimwishie. Kwa kiumbe cha nusu kilo, dalili zikishakuwa wazi, muda wa kumsaidia huwa umebaki mfupi.

Na hilo lundo la karanga na mbegu sikubaliani nalo. Kindi huhitaji kalsiamu nyingi kuliko fosforasi, takriban sehemu 2 kwa 1. Karanga ziko kinyume kabisa: fosforasi yake ni kama mara 4 ya kalsiamu. Mbegu za alizeti zimezidi hapo, karibu mara 8, na mahindi ni mabaya zaidi. Mwili ukikosa kalsiamu huichota kwenye mifupa, ndipo tunapoletewa kindi anayeburuta miguu ya nyuma, anayetetemeka au mwenye degedege. Siku 9 za karanga peke yake hazitamvunja kindi mzima mwenye afya, hilo nalisema wazi. Ila aliyekuwa tayari ana upungufu, siku hizo zinaweza kumwangusha, na aliye mzima atazoea utamu na kugomea chakula cha maana kwa wiki kadhaa. Wewe mwenyewe huenda umeshaona anavyochambua bakuli.

Kwa hiyo andaa vifuko, kimoja kwa kila siku, vyenye chakula cha tembe cha wanyama wagugunaji (jamii ya panya na kindi), kisha ongeza viwili vya akiba usafiri ukichelewa. Majani mabichi na kipande cha mboga mdogo wako atakuja navyo. Atangulize tembe na majani asubuhi; karanga moja au korosho moja iwe ya jioni, baada ya hivyo kuliwa. Maji yawe sehemu mbili: chupa ya kuning'inia na bakuli zito lisilopinduka. Kigololo cha chuma kilicho mdomoni mwa chupa hukwama, na chupa iliyojaa humdanganya mtu, basi kila siku akiguse kwa kidole mpaka tone lidondoke.

Ikiwa bakuli si ushahidi, mdogo wako ataangalia nini? Kwanza kinyesi. Tandika karatasi safi chini ya kizimba kila siku. Kinyesi cha kindi mzima ni punje ndogo, kavu kiasi, nyeusi au kahawia iliyokolea, moja moja. Zikipungua ghafla, zikawa laini, au karatasi ikakutwa safi tangu jana, akupigie siku hiyohiyo. Kingine ni uzito. Huu hauhitaji kumshika: weka kiboksi ambacho kindi amezoea kuingia kufuata chakula, uandike ubavuni uzito wake kikiwa kitupu. Akiingia, mlango unafungwa, boksi linawekwa kwenye mzani wa jikoni, hesabu inatolewa. Mara moja kila siku tatu inatosha. Kupungua gramu chache si neno, kwani uzito hupanda na kushuka. Akifika chini ya 440 apelekwe kwa daktari, hata kama anarukaruka.

Sasa kung'atwa. Kindi aliyelelewa na mtu mmoja, hasa akishapevuka, humhesabu mtu huyo peke yake kuwa wa kwao na kizimba kuwa milki yake. Mkono wa mwingine ukiingia ndani ni uvamizi. Usijaribu kuwapatanisha katika mwezi huu mmoja, wala usitegemee glavu nene. Zinaondoa wepesi wa vidole, na ndipo mnyama anapochoropoka. Badala yake ondoa sababu ya mkono kuingia. Mabakuli yawekwe karibu na mlango mdogo wa pembeni, yawe ya kuvutwa nje. Kama kiota chake kina kifuniko, mdogo wako amvutie humo kwa kipande cha tunda, afunge, afanye usafi, kisha afungue. Wiki mbili kabla ya safari, afanye kazi hiyo yeye huku wewe ukiwa chumba kingine kabisa. Kindi hubadilika ukiwa machoni pake, kwa hiyo jaribio unalolisimamia kwa karibu halikuonyeshi lolote. Na kama mdogo wako ana paka au mbwa, anawe mikono kabla ya kuja.

Iwapo atang'atwa, jeraha lioshwe kwa sabuni na maji yanayotiririka kwa dakika 15, kisha aende hospitali aangaliwe jeraha na chanjo yake ya pepopunda. Kichaa cha mbwa ni nadra sana kwa kindi, na nadra zaidi kwa anayeishi ndani, lakini uamuzi huo ni wa daktari wa binadamu. Usiwaachie mzigo huo ndugu wawili kwenye simu.

Kutoroka huzuiwa kwa kufuli dogo au kulabu ya chuma juu ya komeo. Makomeo ya kuinua kindi hujifunza kuyafungua. Akichoropoka licha ya hayo, asikimbizwe. Madirisha yafungwe, kifuniko cha choo kishushwe, kizimba kiachwe wazi na chakula ndani, na mtu atoke chumbani. Jioni atatafuta kiota chake.

Kuhusu mahali wanapolaza mbwa na paka: jengo linaweza kuwa zuri na wahudumu makini, bado harufu na kelele za wanyama wanaomla kindi zitamtia hofu usiku na mchana, na hofu humzuia kula. Ningeliruhusu tu kama wana chumba cha mbali cha wanyama wadogo na mtu anayewafahamu wagugunaji. Kusafiri naye sipendekezi. Vyombo vya usafiri vingi havimpokei, joto la gari lililoegeshwa linaweza kumuua, na kuvuka mpaka na mnyamapori bila karatasi kunaweza kuishia kwa kunyang'anywa. Hapo hapo nikukumbushe: kama mnakoishi sheria inadai kibali cha kufuga kindi, uliza kama kibali chako kinamruhusu mtu mwingine kumtunza, na nakala yake ibaki nyumbani.

Kabla hujaondoka mtafute daktari anayekubali kutibu kindi, maana wengi wetu tunaowatibu mbwa hatukubali, na usiku wa dharura si wakati wa kuanza kuulizia. Mwachie barua yenye sahihi yako inayomruhusu mdogo wako kumleta, na kiwango cha gharama unachoafiki bila kukupigia kwanza. Mwambie mdogo wako pia kwamba kindi wa mitini halali usingizi wa miezi kama jamaa zake wengine wa ardhini. Akimkuta wa baridi na amelegea, hiyo ni dharura: amweke kwenye boksi lenye kitambaa na chupa ya maji ya uvuguvugu iliyofungwa kwa taulo, na safari ianze. Asimpe dawa yoyote ya watu, wala kumtilia maji mdomoni kwa nguvu, kwa sababu yanaweza kuingia mapafuni.

Kamera ya simu ikielekezwa kizimbani inasaidia. Mashine ya kumwaga chakula yenyewe haisaidii, kwani haioni kinyesi na waya wake ataula.

Ukirudi mpime kwanza, kisha toa matandiko yote ukague akiba aliyoficha. Tembe zilizorundikana huko zitakuonyesha ni kiasi gani alijifanya amekula. Akikukwepa au kukubwekea, mwache siku moja au mbili kabla ya kumfungulia chumba.