Modemu imeunganishwa, imeungana au imeunganika?

Swali: "Natayarisha maelezo kuhusu kompyuta za zamani kwa wanafunzi wangu, nimekwama kwenye modemu, kile kifaa cha kupitisha data za kompyuta kwenye laini ya simu. Inapopata upande wa pili, kioo huandika CONNECT 9600. Nimeandika 'modemu imeunganishwa'. Mwenzangu anataka 'imeungana', mwingine 'imeunganika'. Na NO CARRIER tumeiandika 'hakuna mchukuzi'. Tuko sawa?" (Msomaji, Morogoro)

Mwalimu, maneno yote matatu ni Kiswahili safi, ila kila moja lina kazi yake. Ifuate modemu tangu inapochomekwa, utaona lipi linakaa wapi.

Kwanza ni waya. Umechomeka modemu kwenye kompyuta, na waya wa simu ya mezani umeingia kwenye modemu. Hapo mkono wa mtu umefanya kazi, kwa hiyo modemu imeunganishwa. Ndiyo kauli ya kutendwa: mtendaji yupo hata asipotajwa. Kisha unafungua programu ya mawasiliano, tuseme HyperTerminal iliyokuja na Windows 95, unachagua COM1 (tundu la kompyuta ambako modemu imechomekwa) na kasi, unaandika AT. Herufi hizo mbili ni za modemu za Hayes za mwaka 1981, na maana yake ni kama kumwambia mtu "tega sikio". Modemu inajibu OK. Imeunganishwa na inasikia, lakini bado haijampata mtu.

Sasa unaandika ATDT na namba. Modemu inapiga namba. Kitenzi tunacho, hakuna haja ya kuazima. Hiyo T ya mwisho inaagiza kupiga kwa milio, kama simu za vitufe. Ukiweka P badala yake, modemu inapiga kwa mapigo, kama simu za kuzungusha: tarakimu 5 hukata na kurudisha laini mara 5, na 0 kwa kawaida mara 10. Nalipenda sana neno "mapigo" hapa, maana linatoka kwenye "piga" ileile, na sikio la Mswahili tayari linayajua mapigo ya moyo.

Upande wa pili ukipokea, zinaanza zile kelele. Modemu mbili zinaulizana kasi ambayo kila moja inaiweza, mpaka zipatane. Hakuna inayomtenda mwenzake. Zote mbili zinatenda. Hiyo ni kauli ya kutendana, na mwenzako ana haki: zimeungana. CONNECT 9600 ningeiandika "Zimeungana, biti 9600 kwa sekunde".

"Imeunganika" iwekee hali au uwezekano. Modemu mbovu utasema haiunganiki, kama chungu kilichovunjika vibaya. "Kujiunga" muachie mtu: yeye ndiye anayejiunga na kampuni ya intaneti, kama tunavyojiunga na vifurushi leo.

"Hakuna mchukuzi" ifuteni. Mwanafunzi atamwona mtu wa stendi mwenye mzigo kichwani! Kinachosemwa ni kwamba mlio uliokuwa ukibeba data kwenye laini hausikiki tena. Na hapa tofauti ileile ya viambishi inawasaidia. Wote tunajua kwamba umeme ukikatika ni giza la mtaa mzima, lakini umeme ukikatwa, kuna mtu amekuja na ngazi kwa sababu ya deni. Vivyo hivyo, NO CARRIER ikitokea katikati ya mawasiliano bila wewe kuagiza, andika "laini imekatika". Ukiwa umeandika ATH mwenyewe, yaani amri ya kukata simu, laini imekatwa, na umeikata wewe.

Angalieni pia alama +++ ambayo hutangulia ATH. Wengi huieleza kuwa ni ya kukata simu, na si kweli. Unanyamaza kidogo, unaandika +++, unanyamaza tena, kisha modemu inaacha kupeleka maneno yako upande wa pili na kuanza kuyapokea kama amri. Laini iko hewani bado. Iiteni "kurudi kwenye amri".

Imebaki hali moja: NO CARRIER hutokea pia pale simu ilipopokelewa lakini kelele zikaisha bila modemu kupatana kasi. Hapo "imekatika" haifai, kwa kuwa hakukuwa na kitu cha kukatika. Andika "hazikuungana".