Mwanamke wa kwanza Bunge la Marekani

Ndugu, umeuliza mwanamke wa kwanza kuingia Bunge la Marekani ni nani, na kwa nini hakudumu. Ni Jeannette Rankin wa Montana, aliyechaguliwa mwaka 1916, majimbo mengi yakiwa bado yanawanyima wanawake kura. Aprili 1917 alipinga vita dhidi ya Ujerumani pamoja na wabunge wengine 49. Alirudi bungeni 1941. Desemba 8, siku moja baada ya Japani kushambulia Pearl Harbor, kambi ya jeshi la majini la Marekani huko Hawaii, Bunge lilipiga kura ya kutangaza vita dhidi ya Japani, kura zikawa 388 za kuunga mkono kwa 1 ya kupinga. Ile moja ni yake. Watu wakamzonga hadi akajifungia kwenye kibanda cha simu, polisi wakaja kumtoa. Hakugombea tena kipindi kilichofuata. Mimi namheshimu sana kwa kura ile. Mwaka 1968, akiwa na miaka 87, aliongoza maandamano ya wanawake Washington kupinga vita vya Vietnam.