Pistoni ya nyuma imegoma kurudi
Ndugu, umesema unabadilisha pedi za breki, na pistoni za mbele (zile zinazosukuma pedi) zimerudi ndani kwa klampu ila za nyuma zimegoma. Usiongeze nguvu! Magari mengi ya zamani yenye diski nyuma, handbreki imo ndani ya kalipa (kile kifaa kinachobana diski), na pistoni yake hurudi kwa kuzungushwa huku ukiisukuma, mara nyingi kwa kufuata mshale wa saa. Ukiikaza kwa klampu tu utaharibu mtambo wa ndani. Tazama uso wa pistoni: ukiona mikato ya kushikia kifaa, ndiyo hiyo ya kuzungushwa. Handbreki iwe imeshushwa, na chungulia chupa ya mafuta ya breki isije ikafurika, maana yanakula rangi ya gari. Raba ya kuzuia vumbi inayozunguka pistoni ikijisokota, inyooshe. Kabla ya kuondoka, kanyaga pedali mpaka iwe ngumu.