Cooper Black: matundu ya A yanaziba, VYAKULA inakatika

SWALI: Natengeneza kibao cha mgahawa na fulana za wahudumu. Maneno ni VYAKULA VYA PWANI, fonti ni Cooper Black. Nimebonyeza B na kuongeza ukingo mweusi ili yasomeke kwa mbali. Kwenye kompyuta yanapendeza, lakini kwenye fulana matundu ya A yameziba, na kwenye kibao VYAKULA inaonekana imekatika vipande. Kosa ni la fonti au la mchapaji?

JIBU: Mchapaji mwache kwanza. Oswald Cooper wa Chicago aliichora fonti hii, ikatoka mwaka 1922, ikiwa tayari nene kiasi cha kubakiza vitundu vidogo tu ndani ya herufi. Ukibonyeza B, programu inainenepesha kibubusa, nje na ndani, na tundu ndilo linaloliwa. Toa B.

Ukingo nao una hila yake. Kwenye Illustrator, programu ya michoro ya Adobe, usipobadilisha chochote, nusu ya ukingo huingia ndani ya herufi. Ukingo wa pointi 6 unalipunguzia tundu pointi 3 kila upande. Kama herufi zenyewe ni nyeusi, ukingo mweusi hauna kazi, ufute. Ukitaka wa rangi nyingine, uburute chini ya rangi ya herufi kwenye paneli ya Appearance, kisha chagua kona za mviringo. Serifu za Cooper Black, yaani vile vijiguu vya herufi, ni za mviringo. Kona kali zitachomoza kama miiba.

Kwa fulana, wino husambaa kidogo kwenye kitambaa. Pima tundu la A kwa ukubwa halisi wa chapa: likiwa chini ya milimita 1, lihesabu limeshaziba. Kuza maneno, au yapange mistari miwili.

Sasa VYAKULA. Kiswahili kimejaa VYA, WA, YA, na kwa herufi kubwa, VY, YA na WA ni kati ya jozi zinazosumbua zaidi kupangia nafasi. V na Y zinakaribiana juu, chini zinaacha pengo ambalo huwezi kuliziba lote, kwa sababu serifu za juu zitagongana kwanza. Serifu hizo ziache ziguse tu, haidhuru. Halafu weka kishale kati ya Y na A, ubonyeze Alt na mshale wa kushoto. Kila mbonyezo huvuta sehemu 20 kati ya 1000 za ukubwa wa herufi. K, U na L zina upande wa kushoto ulionyooka, hivyo zilegeze kidogo zilingane na VYA. Pindua maneno juu chini ukague: usipoyasoma, utayaona mapengo.

Kwa kibao, mimi ningeandika “Vyakula vya Pwani”. Uzuri wa Cooper Black uko kwenye herufi ndogo, na kwa ukubwa ule matundu hayana shida.

Kabla ya kutuma faili, geuza maandishi kuwa michoro kwa Ctrl+Shift+O. Kompyuta ya mchapaji ikikosa fonti hii, itaweka nyingine, na nafasi zote ulizopanga zitavurugika.