Benki ya Uingereza na meseji ya Yaka

Nimekuja Bombo, Uganda, kumwona mama, na kabla hata chai haijamiminwa wifi yangu mdogo akanikalisha chini. Mume wake amepata kazi Uingereza, viza yake ya mwenza tegemezi iko njiani, je, anaweza kufungua akaunti ya kule akiwa bado hapa? Nilicheka. Sikumcheka yeye, nilijicheka mwenyewe na miezi minne niliyoipoteza kwa swali hilohilo.

Basi wifi, na wengine mtakaosoma, jibu fupi ni hapana. Jibu refu ndilo hili.

Mimi nilikuwa na kibanda cha vitenge soko la Owino, Kampala. Nilipouza mali na nafasi yake nilibaki na shilingi milioni 9, karibu pauni 1,900 kwa bei ya wakati ule. Kwa watu wa kule hizo si pesa za kusimulia. Kwangu ilikuwa miaka sita ya kuamka saa kumi alfajiri kuwahi taksi ya Kampala. Sikutaka kufika nchi ya watu nikaanza kumwomba mwanamume nauli ya basi. Mume wangu, Baba Swabri, si mchoyo, lakini kuomba ni kuomba.

Kwa hiyo nikaanza kujaza fomu kwa simu. Benki ya kwanza programu yake haikuonekana hata kwenye duka la programu, kwa sababu simu yangu iliandikishwa Uganda. Ya pili ilikubali kunifungulia fomu kwenye tovuti. Nilikaa kitandani usiku, simu nimeiegemeza kwenye thermos, nikajaza jina, tarehe ya kuzaliwa, kazi, pasipoti, picha ya uso nikigeuka kushoto na kulia kama bibi harusi. Mwisho kabisa wakataka bili ya umeme au maji yenye jina langu na anwani, isiyozidi miezi 3.

Bili ipi? Sisi umeme wetu ni wa Yaka. Unalipa kwa simu, inakuja meseji yenye tarakimu 20, unazibonyeza kwenye mita, taa inawaka, habari imekwisha. Mita ya maji ina jina la marehemu babu. Na barua hazitufikii mlangoni, zinakwenda kwenye sanduku la posta, tena sanduku lenyewe ni la shule aliyokuwa akifundisha mjomba. Nikaipiga picha ile meseji ya Yaka, nikaituma. Wakanijibu kwa adabu nyingi kwamba samahani.

Nikaenda kwa mwenyekiti wa LC1, yaani baraza la kijiji. Mzee akaniandikia barua nzuri sana, kwamba ananifahamu tangu utoto na sina rekodi mbaya kijijini, akaigonga muhuri wa zambarau, nami nikamwachia elfu kumi ya wino. Hapa kwetu barua ya LC inakufikisha mbali: kitambulisho, mkopo wa SACCO, hata dhamana ya polisi. Kule hakuna aliyejua LC ni nini. Nikapeleka barua hiyo kwa wakili aithibitishe, nikalipa tena. Wakasema samahani kwa mara ya pili.

Kitu nilichokuja kukielewa baadaye ni kwamba hata ningekuwa na bili iliyonyooka, nisingepita. Uingereza kuna kanuni za akaunti za malipo za mwaka 2015 zinazozibana benki kubwa zitoe akaunti ya msingi isiyo na ada, lakini kwa mtu anayeishi kule kihalali. Neno lenye uzito hapo ni "anayeishi". Mke aliyekaa Bombo na viza mkononi bado haishi kule. Benki ikimkataa haijavunja chochote.

Wengi wetu tunakosea jambo moja zaidi. Tunadhani kwa kuwa mume ana akaunti na sisi ni wake zao, mlango uko nusu wazi. Nikaha inakupa viza, haikupi akaunti. Mimi nilihangaika na cheti cha nikaha kwa sababu kadhi aliandika Khadija na pasipoti inasema Hadija. Nikala kiapo kwa kamishna wa viapo, nikaenda hadi ofisi za URSB, wasajili wa ndoa, pale Kololo kutafuta nakala ya kisheria. Hiyo kazi haikupotea, kwenye viza ilinifaa. Benki haikukiuliza cheti hicho hata siku moja. Mbele yao wewe ni mtu mmoja mwenye pasipoti moja na anwani moja, basi. Hata akaunti ya pamoja tuliijaribu: Baba Swabri alipokwenda tawini kuomba niongezwe, aliambiwa aje nami, na uthibitisho wa makazi yangu.

Kuna njia ya wenye nazo. Benki kadhaa zina matawi ya kimataifa Jersey na Isle of Man, visiwa vile vya karibu na Uingereza, na hao humfungulia mtu aliye nje bila shida ya bili ya Uingereza. Standard Bank, ambayo ndiyo mama wa Stanbic yetu, inayo huko pia. Ila wengi wao wanataka akiba au mshahara ambao mtu wa milioni 9 akisoma anafunga ukurasa polepole. Niliufunga.

Msishangae pia mkiona maswali mengi kuhusu pesa zilikotoka. Uganda ilikuwa kwenye orodha ya kijivu ya FATF, wale wanaofuatilia utakatishaji wa fedha, tangu Februari 2020 mpaka Februari 2024. Kikao kilichotutoa sisi ndicho kilichowaingiza Kenya, kwa hiyo dada zangu wa Busia upande wa pili, zamu ya kuhojiwa ikahamia kwenu. Mimi waliniuliza risiti za kuuza vitenge. Owino! Nani anaandika risiti Owino? Bahati nilikuwa nimeandikiana na mnunuzi wa kibanda, mbele ya mashahidi wawili. Karatasi hiyo iliyoandikwa kwa kalamu ya wino wa bluu ndiyo iliyokuja kuniokoa mara mbili. Ukiuza chochote kabla ya safari, hata ng'ombe mmoja, andikianeni.

Kwenye fomu hizo utaulizwa nchi unayolipia kodi na namba yako ya mlipa kodi, TIN. Mimi niliandika Uingereza, maana moyo ulishahamia. Kosa. Ukiwa na makazi yako Uganda, wewe ni mlipa kodi wa Uganda machoni pa URA, mamlaka yetu ya mapato, hata kama mume yuko mwezini. Andika Uganda na weka TIN. Kama huna, inapatikana kwenye tovuti ya URA bila malipo. Usimlipe mtu wa kafe.

Nikiwa nimechoka ndipo akatokea dalali. Kijana nadhifu, ofisi ghorofa ya tatu ya jengo moja la maduka Kampala, akaniambia kwa shilingi laki sita atanipa akaunti ya Uingereza ndani ya wiki. Anwani itakuwa ya "ndugu yake" wa London, na namba ya simu ya kule pia ataishika yeye kwa muda. Nilitoa hata pochi. Kilichonizuia ni swali la kijinga tu: kadi itakapofika kwa huyo ndugu, nani ataifungua bahasha? Akasema, "Hajjati, uaminifu." Nikarudisha pochi. Jirani yangu wa zamani alipita njia kama hiyo, akaunti ikafungwa pesa zikiwa ndani. Na kule kuna kitu kinaitwa Cifas, hifadhi ya taarifa za udanganyifu ambayo benki nyingi zinaichungulia. Jina lako likiingizwa humo linaweza kukaa miaka 6. Yaani unafika na viza halali, na benki unazogonga zinakuangalia kama mwizi.

Sasa nifanye nini na milioni 9 zangu? Hapa ndipo shauri langu lilipo, wifi, na ndipo ningeanzia kama ningerudishwa nyuma. Nilikwenda kwenye benki ya hapahapa Kampala nikafungua akaunti ya pauni kwa jina langu. Uganda haina vizuizi vya fedha za kigeni, uliondolewa utaratibu huo tangu miaka ya 1990, kwa hiyo mwananchi wa kawaida anaweza kuweka pauni, yuro au dola bila kuomba ruhusa ya mtu. Pasipoti, kitambulisho, TIN, barua ya LC, na safari hii barua ya LC ilipokelewa kwa heshima zake zote. Benki yenyewe ikifilisika, Mfuko wa Kulinda Amana unafidia hadi shilingi milioni 10 kwa mteja, kwa hiyo zangu zilienea humo. Shilingi yetu ikipanda au ikishuka, pauni zangu zilikuwa pauni.

Nilikosea kimoja tu, nacho kilinitoa jasho. Huduma ya kutuma pesa nje kwa intaneti niliiwasha siku mbili kabla ya safari, na laini yangu ya simu nikamwachia mdogo wangu Bombo, nikidhani kule nitanunua nyingine. Nimefika, nimepata akaunti, nataka kuhamisha. Benki ya Kampala inatuma namba ya uthibitisho kwenye laini ile, na namba inaishi dakika tano. Kule ni saa tatu usiku wa baridi, Bombo ni saa sita. Napiga, simu inaita, hapokei. Napiga kwa mama. Mama anaamka, anamwendea, namsikia akigonga mlango, "We Rehema! We Rehema!" Rehema anaamka anasoma meseji ya salio la Airtel. Siyo hiyo, ya benki! Anaanza kusoma namba, tatu, saba, mbili, anapiga mwayo, muda umekwisha. Tulirudia mara tatu. Mara ya nne mama ndiye aliyesoma, kwa miwani ya baba, na ikakubali.

Ondoka na laini yako. Iweke kwenye simu ya pili kama ya kwanza ina tundu moja, iwashe huduma ya kutumia ukiwa nje, na kila baada ya muda itumie isije ikazimwa. Na kwenye fomu ya kutuma pesa utaona OUR, SHA na BEN: ni nani analipa gharama za benki za katikati. Niliacha SHA, pesa zikafika zimekatwa njiani na benki ambayo sijawahi hata kuisikia.

Ukiona ni bora kubeba mkononi, hiyo nayo ni halali kwa mipaka. Kutoka Uganda, ukibeba kuanzia shilingi milioni 30 au thamani yake unatangaza. Kuingia Uingereza ni kuanzia pauni 10,000. Mimi nilibeba pauni 300 za kuanzia, nimezishonea kwenye mfuko wa ndani wa sketi, Mungu anisamehe.

Kule kwenyewe akaunti ilichukua siku 16 tangu nitue, na siku nyingi zilikuwa za kusubiri bahasha. Jambo lililonipa anwani lilikuwa kodi ya halmashauri. Baba Swabri alikuwa akiishi peke yake, na anayeishi peke yake hupunguziwa asilimia 25. Nilipofika ilibidi awapigie kusema punguzo limekwisha, mke amekuja. Aliugua kidogo, maana pesa ni pesa. Lakini bili mpya ikaandikwa majina mawili, na bili hiyo ndiyo benki wanayoitaka.

Ila huyu bwana kwenye simu akawatajia mke wake kwa jina lake yeye. Bili ikaja imeandikwa Bi. fulani, jina la ukoo wa mume, mtu nisiyemjua. Sisi mwanamke anazikwa na jina la baba yake, lakini yeye alishakaa kule miaka miwili, akaona ndivyo wanavyosema. Tukaanza upya, nyingine wiki nzima. Mwambie mume asome jina lako kutoka kwenye pasipoti, herufi kwa herufi, na kama mkataba wa nyumba unaruhusu, uongezwe na humo. Nikajiandikisha pia kwa daktari wa mtaa. Hawakudai uthibitisho wa anwani, na barua yao ya kunikaribisha ikawa karatasi yangu ya pili.

Tawini nilikwenda na pasipoti, bili, na ile namba ya kuonyesha hali ya viza, ambayo unaitoa mwenyewe kwenye akaunti yako ya UKVI, idara ya viza ya Uingereza, na inadumu siku 90. Kadi za viza za plastiki ziliisha mwisho wa 2024, kwa hiyo usiisubiri kadi yoyote. Namba ya bima ya taifa hawakunidai. Dada wa kaunta aliuliza kazi yangu, nikasema mfanyabiashara wa nguo, akaandika.

Kesho asubuhi mimi na wifi tunapanda taksi ya mapema hadi Kampala, yeye akafungue akaunti yake ya pauni kabla viza haijatoka. Nimeshamwambia abebe pasipoti pamoja na kitambulisho, maana nimeviangalia jana usiku: kwenye kimoja ni Aisha, kwenye kingine Aesha.